Miaka Mitatu ya Kulinda Mapichesi

Wewe utakayekabidhiwa kikapu baada yangu, kwanza pole, halafu hongera.

Mimi nimestaafu. Usicheke. Nina miaka kumi na minane, na Jumamosi iliyopita wazee wa darasa la kuchora walinikatia keki iliyoandikwa MSTAAFU, wakanivalisha kanga begani, wakataka nihutubie. Sikuhutubia. Nilisema "ahsanteni" moja, nikakimbilia jikoni kujifanya naosha sahani ambazo zilikuwa safi. Wanaonijua hawakushangaa. Mwalimu Odile, ambaye ni mtu wa Bukavu na hana subira na haya ya mtu, alinifuata kulekule jikoni.

"Bon. Kama hauwezi kusema, andika. Mutoto mwenye atakuya nyuma yako atajua namna gani?"

Basi naandika. Daftari hili litakaa kwenye kabati chini ya sinki, pamoja na chaki na kisu. Usilisome na mikono iliyolowa.

Kazi yenyewe haina jina rasmi. Mimi niliiita kulinda matunda. Ukutani darasani utaona nakala kubwa ya picha aliyoichora Mfaransa mmoja katika karne ya kumi na tisa. Ndani yake hamna mtu. Kuna meza, kitambaa cheupe kilichokunjwa ovyo (si ovyo, utakuja kuona, kila kunjo lina mahali pake), mapichesi manne, kichala cha zabibu nyeusi, plamu tatu, nusu ya tikiti, na kisu ambacho mpini wake umetokeza nje ya meza kiasi kwamba ukipiga chafya unahisi kitaanguka. Wazee hawanakili picha. Wanachora meza halisi iliyopangwa kama ya yule Mfaransa, kwa sababu Mwalimu Odile anasema kunakili ni kuangalia kwa macho ya mtu mwingine. Kwa hiyo kila Jumamosi saa nne asubuhi meza inatakiwa iwe tayari, na Jumamosi inayofuata iwe vilevile, kama vile siku saba hazikupita. Matunda hayakubali kirahisi. Hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

Nitakuambia ukweli wa nilivyoingia. Huku ng'ambo huwezi kumaliza sekondari bila saa arobaini za kujitolea. Wenzangu walikwenda kufundisha watoto kuteleza kwenye barafu. Mimi nilitafuta kazi ambayo sitasemeshwa na mtu, nikaona tangazo la matunda. Nikajiambia, matunda hayaulizi habari za shule. Saa arobaini ziliisha kabla ya Krismasi ya kwanza. Nilibaki miaka mitatu.

Siku yangu ya kwanza niliharibu zabibu. Nilifika mapema, nikaona zina kitu kama ungaunga mweupe juu yake, nikaziosha zote kwa maji ya vuguvugu, moja moja, nikazikausha na taulo la karatasi hadi zikang'aa kama viatu vya askari. Nilijiona mtu. Mwalimu Odile akaingia, akasimama.

"Uliosha?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa nini uliosha?"

"Mama amesema matunda ya wageni huoshwa."

"Hapa hakuna wageni. Hapa iko matunda ya kuangalia. Ule unga juu ya zabibu njo uzuri yote. Mufaransa alifanya kazi siku ngapi juu ya ule unga, na weye umeutosha, umeufuta na taulo!"

Shika hilo la kwanza: zabibu zishikwe kwa kikonyo tu, usiguse punje. Ukigusa, alama ya kidole inabaki, na Bibi Gulshan atakuchorea hiyo alama ya kidole, maana yeye huchora anachokiona.

Mengine niliyajua kwa kukosea. Mwaka wa kwanza nilikuwa nanunua kila kitu upya kila wiki, wazee wananung'unika kuwa meza imekuwa ngeni. Baadaye nikajifunza kubadilisha tunda mojamoja, lile lililochoka zaidi, na kuligeuza jingine ili sehemu iliyooza ielekee ukutani. Nusu ya tikiti ipake limau, la sivyo itanywea kabla ya chai. Pichesi linalopenda kubingirika lisimamishe kwa kipande cha kijiti cha meno chini yake. Kabla hujaondoa chochote, zungushia kila tunda duara la chaki kwenye kitambaa, hafifu, na usimruhusu mtu yeyote kukikung'uta kitambaa hicho. Mama yangu alikikung'uta siku moja kwa wema. Tulipanga upya saa mbili nzima, na wazee wanne walipanga kwa namna nne tofauti.

Kabla yangu palikuwa na matunda ya plastiki. Bado yapo kwenye boksi. Yaache humo humo. Mzee mmoja aliwahi kusema kwamba yalimfundisha kuchora plastiki vizuri sana.

Kununua ni elimu nyingine. Utakwenda mtaa wa Agincourt, kwenye duka la matunda karibu na kituo cha basi, na utatafuta pichesi lenye mfereji ulioinama kushoto na wekundu upande mmoja tu. Nilikuwa nashika simu yenye picha ya Mfaransa mkono mmoja, tunda mkono wa pili, nalizungusha, nalirudisha, nachukua jingine. Mama alinivumilia kwa nusu saa akiwa ameshika mifuko.

"Neema, unachagua pichesi au mchumba?"

"Mama, hili limeinama kulia."

"Hata baba yako ameinama kulia, na nilimchukua."

Mwenye duka akaja akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwonyesha simu tu. Akaangalia picha, akaangalia rafu, akaingia ndani, akarudi na boksi ambalo hajalifungua. Tangu siku hiyo aliniwekea pembeni yenye sura ile. Kumbe simu inaweza kukusemea. Na kitu kimoja: nunua mawili ya ziada kila mara, uyafiche ndani ya friji ya jikoni, nyuma kabisa, na ubandike karatasi. Karatasi yangu ilisema USILE kwa Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Kigujarati. Ile ya Kigujarati aliniandikia Bibi Gulshan, na baadaye nikaambiwa imeandikwa "atakayekula ataota masikio ya punda". Ndiyo pekee iliyoheshimiwa.

Sasa nikufikishe kwa Bibi Gulshan, maana yeye ndiye sababu ya mimi kuandika kurasa nyingi hivi.

Bibi Gulshan ni mzaliwa wa Lushoto, alikuja huku zamani, akafanya kazi ya ukatibu wa ofisi miaka mingi. Siku tulipokutana aliniuliza jina na kwetu wapi. Nikamjibu kwa Kiingereza, kama nilivyozoea kumjibu kila mtu.

"Mtoto wa Morogoro ananijibu Kizungu! Mimi wa Lushoto nitakuelewaje?"

Anaelewa kuliko mwalimu wangu wa shule. Lakini alikaa akisubiri, kalamu hewani, mpaka niliposema kwa Kiswahili. Ndiyo maana daftari hili limeandikwa hivi.

Watu wakiona picha ile ya ukutani husema, ah, Ulaya. Bibi Gulshan alipoiona mara ya kwanza alikaa kwenye kiti. "Hii si Ufaransa," alisema. "Hii ni meza ya mama yangu." Mimi wa Morogoro sikujua kwamba Lushoto, kule milimani kwenye baridi, mapichesi na maplamu yanaota nyuma ya nyumba. Baba yake alikuwa na duka mbele na miti ya matunda nyuma. Na kutoka kwenye miti hiyo ndiko ulikotoka ugomvi.

Siku moja mkaguzi wa shule alikuwa anakuja kwao kula chakula cha mchana. Mama aliweka mapichesi sita kwenye bakuli la kioo mezani. Mkaguzi alipoketi, yalikuwa matano. Nyumbani mlikuwa na watoto wawili tu, Gulshan na mdogo wake Khatun. Gulshan alikuwa mkubwa, kwa hiyo alipewa yeye adhabu: hakupelekwa Tanga kwenye harusi ya binamu yao. Alibaki anaangalia gari likishuka mlima. Miaka zaidi ya sitini imepita, Khatun sasa ni bibi wa mji jirani wa Vaughan mwenye bangili hadi karibu na kiwiko, na bado anasema hakulila.

"Sijali tunda," Bibi Gulshan aliniambia akiosha brashi. "Nataka aseme tu."

Naye Bibi Khatun alikuwa na la kwake. Alikuwa akipiga simu wakati wa darasa, na dada yake akiweka spika ili mikono iwe huru, basi sote tulisikia.

"Dada, umemaliza?"

"Nakaribia."

"Unakaribia tangu mwaka juzi. Wewe una sweta la mkono mmoja kabatini tangu wajukuu zako hawajazaliwa. Una msala wa kudarizi wenye pembe tatu. Hujawahi kumaliza kitu, Dada, ni tabia tu, si kosa lako."

Bibi Gulshan alikuwa akicheka, lakini nilikuwa naona brashi inavyobanwa. Kwa sababu ilikuwa kweli. Kwa majira mawili ya baridi alikuwa amechora meza nzima, kitambaa, zabibu na unga wake, kisu, vyote vimekamilika, isipokuwa pichesi la mbele. Pichesi la mbele alilichora, akalifuta, akalichora, akalikwangua. Mwaka huu Mwalimu Odile alitangaza maonyesho ya wazee kwenye ukumbi wetu, mwezi wa tatu. Picha zikabidhiwe kwa fundi wa fremu Jumatatu fulani. Ambayo haijakamilika haitundikwi. Bibi Gulshan alimwambia mdogo wake kwenye spika, sote tukisikia, kwamba safari hii atamaliza, na kama hakumaliza hatashika brashi tena.

"Nitakuja mwenyewe kuangalia ukuta mtupu," alisema Bibi Khatun.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatatu hiyo, theluji ilikuwa imeanguka na basi la Bibi Gulshan lilichelewa. Mimi nilishapanga meza. Sijisifu, lakini sijawahi kuipanga vizuri namna ile. Pichesi la mbele lilikuwa lile lile la Mfaransa, mfereji kushoto, wekundu upande mmoja. Mwalimu Odile alikuwa ukumbini anapima ukuta. Mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mmoja mwenye koti refu, akakung'uta viatu, akaangalia huku na huku, na kwa kuwa kiti cha karibu kilikuwa mezani penye matunda, akaketi hapo. Akavua glavu. Bangili zikalia.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Gulshan bado?"

"Bado, bibi."

Akayaangalia matunda. "Na haya ya nani?"

Nimeandika jibu langu kwenye shajara yangu mara nyingi, na kila mara natafuta jinsi ambavyo ningejibu vingine. Nilijua ni nani. Nilijua ni tunda gani. Lakini mtu mzima ametoka kwenye theluji, ameketi mezani, ameuliza chakula ni cha nani. Mtoto aliyelelewa na mama yangu ana neno moja tu kinywani.

"Karibu, bibi."

Akachukua lile la mbele.

Ngoja, sijafika kwenye aibu yenyewe. Alikata kwa kile kisu cha kwenye picha, maji ya tunda yakadondokea kitambaani juu ya duara la chaki, nami nikaenda jikoni nikamletea sahani. Akauliza kama kuna chumvi na pilipili, maana pichesi la majira ya baridi halina ladha. Nikarudi jikoni nikaleta chumvi na pilipili. Nilipomletea leso ya karatasi alikuwa ameshamaliza la pili na anachuma zabibu, kwa punje.

Bibi Gulshan alisimama mlangoni, theluji kwenye mtandio.

"Khatun! Unakula picha yangu!"

"Picha gani? Ni pichesi. Tena kama si pilipili ya huyu mtoto, ningelitema."

"Mtoto gani?"

"Ni mimi, bibi," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya panya. "Nilimkaribisha."

Mwalimu Odile alikuwa ameingia na futi yake mkononi. "Ulimupatia na sahani?"

"Na sahani, Mwalimu."

"Na pilipili?"

"Na pilipili."

Aligeuka akaangalia dirishani, mabega yanamtetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akashika ukuta. Lakini Bibi Gulshan hakucheka. Aliangalia mahali palipokuwa na pichesi, akaangalia turubai yake ambayo mahali hapohapo palikuwa peupe, na nikaona uso wake, na hapo ndipo nilipokumbuka friji. Mlinzi wa matunda haachi kuwa na mawili ya ziada! Nilikimbia, nikarudi nimeyashika yote mawili, mazuri, mifereji kushoto.

"Bibi, yapo! Dakika tano tu, narudisha meza ilivyokuwa."

Akayachukua mkononi. Akayageuza. Kisha akanirudishia.

"Yarudishe, mwanangu."

"Lakini bibi, leo ndiyo mwisho."

"Ndiyo maana. Miaka miwili kila Jumamosi unaniletea pichesi jipya, na mimi kila Jumamosi naanza upya, kwa sababu jipya haliko kama la jana. Wewe ni hodari, Neema. Kama ungekuwa mvivu kidogo ningekuwa nimeshamaliza." Akavua koti, akafunga aproni. "Khatun, usitoe mkono hapo."

"Mkono gani?"

"Huo uliochukua langu. Kaa hivyohivyo."

"Dada, nina umri wa kukaa hivi?"

"Una umri wa kukaa hivyo tangu siku ya mkaguzi."

Bibi Khatun alikaa saa mbili. Alilalamika kuhusu shingo, kuhusu chai, kuhusu mwanga, akadai anyooshewe kidole kidogo. Mimi niliweka mezani mapichesi niliyorudishiwa? Hapana. Niliyaacha kwenye friji, na lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyofanya katika kazi hii. Bibi Gulshan alichora tunda ambalo halikuwapo, lililomo kwenye vidole vilivyokuwapo, na hakufuta hata mara moja. Mchana ulipofika aliweka brashi chini. Akatia sahihi.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Kulikuwa na meza zilizochorwa kumi na mbili, mapichesi manne manne, na moja tu ambayo upande wa kulia unaingia mkono wenye bangili unachukua lile la mbele. Watu walisimama hapo wakicheka. Bibi Khatun alifika na wajukuu zake, akapita picha zote kumi na moja bila haraka, akafika kwa hiyo. Dada yake alikuwa pembeni anajifanya anapanga vikombe.

"Bangili umezikosea," Bibi Khatun alisema mwishowe. "Zangu ni saba."

"Nilichora nilizoziona."

"Lakini mkono ni wenyewe."

"Mkono ni wa nani?"

Wajukuu wakamgeukia bibi yao.

"Basi," alisema Bibi Khatun. "Nililila mimi. Nilikuwa nyuma ya mlango wakati unaambiwa utabaki nyumbani, na kule Tanga sikucheza hata ngoma moja. Umeridhika?" Akavuta pumzi. "Tena lilikuwa na mdudu."

Bibi Gulshan alimwangalia. Nilidhani atamkumbatia. Akageuka kwangu.

"Neema, niletee brashi ndogo. Na kijani."

"Mama Gulshan, picha iko na kadre tayari!" Mwalimu Odile alipiga kelele akionyesha fremu, lakini nilikuwa nimeshakimbia.

Picha hiyo sasa imetundikwa darasani, karibu na ile ya Mfaransa. Ukishaweka kikapu chini, isogelee uangalie chini ya kidole gumba. Yupo hapo, mdogo, wa kijani, amechungulia nje kidogo tu. Halafu nenda ukahakikishe friji imefungwa, na kama kuna mgeni mezani, mpe sahani.